Mahameli ya Kijani

Mama Pacha aliinua godoro ili alianike, na pale juu ya chaga za kitanda akakuta kitu kimekunjwa vizuri. Kwanza alidhani ni kitambaa cha kufutia vioo. Alipokikunjua kikawa kitu kingine kabisa: kijimfuko cha mahameli ya kijani, kimetiwa sponji nyembamba kwa ndani, kina mkanda mpana wa lastiki wa kuzunguka kiuno na mikanda miwili myembamba ya kupita chini ya makalio. Alikigeuza mbele na nyuma. Alijipima, hakikumtosha. Akakifikiria kwenye kiuno cha mume wake, na huko kikakaa sawasawa.

"Chupi," alisema peke yake. "Chupi ya mahameli!"

Mwanamke mwingine asingejua kitambaa kile kimetoka wapi. Yeye alijua. Mume wake alikuwa fundi makochi, na kwa wiki nzima nyumba ile ilikuwa imesikia habari za seti ya kijani ya yule nesi wa hospitali: jinsi Nesi alivyochagua mahameli mwenyewe, jinsi alivyokuja karakana kukagua, jinsi alivyosema hataki vifungo mgongoni. Siku ya kuyapeleka makochi, Mama Pacha ndiye aliyeyapiga brashi, na rangi ile ilikuwa bado imemkaa machoni.

Tuseme ukweli, wivu haukumwingia siku hiyo. Ulikuwa mpangaji wake wa siku nyingi, na mahameli ile iliupa tu funguo za nyumba nzima. Kwa miezi sasa mume wake alikuwa amebadilika. Mtu aliyekuwa akioga mlango wazi, anaimba, anaita aletewe sabuni aliyoisahau makusudi, alikuwa ametia komeo jipya kwenye mlango wa bafu. Chupi zake alizifua mwenyewe na kuzianika ndani. Kitandani aligeukia ukutani, na akiguswa alisema mgongo. Kila siku mgongo. Mama Pacha alikuwa ameanza kuuchukia ule mgongo kana kwamba ni mke mwenza.

Alikikunja kile kitu kama alivyokikuta, lakini hakukirudisha. Alikitia kwenye mkoba wake.

*

Chumba chake cha ususi kilikuwa mbele ya nyumba, na mle ndani alisuka pamoja na shoga yake ambaye watu walimwita Kijiko, kwa sababu hakuna jambo lililomfika asilikoroge. Siku hiyo walikuwa na kichwa kimoja, Kijiko upande huu, Mama Pacha upande ule, na mwenye kichwa amekaa katikati hajigusi, masikio yamemsimama.

"Mwanaume hajishonei chupi, shoga yangu," alisema Kijiko. "Hiyo kashonewa."

"Ana cherehani karakana."

"Ya makochi! Umewahi kumwona fundi seremala anajichongea kijiko cha kulia uji? Hiyo kashonewa, na aliyemshonea ametumia kitambaa cha sebuleni kwake. Unaelewa maana yake?"

"Sielewi."

"Mumeo akivaa chupi anakumbuka kochi. Mwenzake akikaa kwenye kochi anakumbuka chupi. Wamekumaliza."

Mwenye kichwa akacheka kidogo, akajifanya anakohoa. Mama Pacha alivuta msuko kwa nguvu mpaka mteja akaguna. Hakuomba radhi. Alikuwa anamwona Nesi alivyo: mrefu, viatu vyeupe visivyo na doa, sauti ya mtu ambaye hajawahi kupigania ndoo ya maji. Mwanamke wa aina ile hahitaji hata kujipamba.

"Ulishamuuliza?" aliuliza Kijiko.

"Nimuulize nini?"

"Usimuulize. Mwanaume ukimuuliza unampa nafasi ya kupanga uongo. Mfumanie."

*

Lakini alimuuliza, ingawa kwa kuzunguka. Walikuwa mezani, mapacha wamekwisha kula na kutoka nje. Fundi alikuwa amekaa upande, tako moja limebeba kazi ya mawili, na Mama Pacha akaona ni mkao wa mtu mwenye haraka ya kuondoka.

"Baba Pacha, yale makochi ya kijani, kitambaa kilibaki?"

Fundi aliacha kutafuna. "Hakikubaki."

"Hata kipande?"

"Hata kipande. Kwani unataka kushona nini?"

"Mto."

"Nitakutafutia kitambaa kingine," alisema, akiiambia sahani.

Alikuwa mwongo mbovu, na hilo lilimuumiza Mama Pacha zaidi, kwa sababu kwa miaka yote ya ndoa yao hakuwa amempa nafasi ya kuujua ubovu huo. Kabla hajasema neno, simu ya Fundi ikalia juu ya meza. Kiooni palikuwa pameandikwa "Nesi Makochi". Aliinyakua, akatoka nayo uani. Mama Pacha akasimama nyuma ya pazia la dirisha bila hata kujiuliza kama ni adabu.

"Ndiyo," alimsikia. "Alhamisi asubuhi... Hapana, hajui... Bado sijamwambia. Nashindwa nianzie wapi."

Hajui. Neno lile lilimchoma kuliko jina lililoandikwa kiooni. Kulikuwa na kitu, na kitu hicho kilikuwa na watu wawili wanaokijua, na yeye, mwenye nyumba, mama wa watoto, mfuaji wa shuka za kitanda kile, alikuwa ndiye asiyejua.

*

Alhamisi Fundi alivaa shati la kupigwa pasi. Aliinua godoro, akalishusha, akaliinua tena. Akatazama uvunguni. Mama Pacha alikuwa mlangoni anafunga kitambaa kichwani, anamtazama kwa upole wa paka.

"Umepoteza nini?"

"Hakuna kitu. Futi yangu ya kupimia."

"Iko mfukoni mwako."

Fundi akapapasa mfuko, akaikuta futi, akashukuru, akatoka. Alitembea polepole, miguu imeachana kidogo. Mama Pacha alimpa nafasi kisha akamfuata, mkoba kwapani.

Fundi aliingia hospitali na kukaa kwenye benchi refu la wagonjwa wa nje. Mama Pacha akajibanza nyuma ya nguzo. Kwenye benchi hilohilo alikuwepo Seremala, yule anayemuuzia Fundi fremu za makochi, kidole kimefungwa kitambaa chenye damu. Wakasalimiana, Seremala akauliza jambo, Fundi akajibu kwa kuonyesha mgongo. Mgongo tena!

Kisha Nesi akatoka chumbani. Hakumwita kwa sauti kama alivyowaita wengine. Alimwendea, akainama, akamgusa kiwiko, akamnong'oneza. Na uso wa Fundi ukalegea. Ni hapo hasa Mama Pacha aliposhindwa. Mkono juu ya kiwiko angeweza kuuvumilia, lakini ule uso wa mtu aliyetuliwa mzigo ulikuwa haki yake yeye mke, alikuwa akiutafuta nyumbani kwa miezi, kumbe unaletwa huku.

Mlango ulifungwa. Alihesabu pumzi zake, akashindwa kuendelea, akausukuma.

Mle ndani alikuwepo daktari mwenye upara, ameketi kwenye kigoda, glavu mikononi. Mbele yake alisimama Fundi, suruali magotini, pindo la shati amelibana kwa kidevu. Nesi alikuwa amewapa mgongo, anaandika mezani. Hakukuwa na la kufumania. Lakini maneno ya Mama Pacha yalikuwa yameshajipanga foleni mdomoni tangu nyumbani, hayakujua kurudi.

"Umemvalisha mwenyewe, unamvua mwenyewe!" alimpigia Nesi kelele, akakitupa kile kijimfuko mezani. "Wanaume wote wameisha mjini mpaka uje kunishonea wangu chupi ya makochi?"

Fundi alipandisha suruali kwa pupa hata akakosea kufunga mkanda. Daktari akabaki na mikono hewani. Nesi alikiokota kile kitu, akakigeuza, akatazama mishono yake kwa makini, akamtazama Fundi.

"Umeshona wewe hii?"

Fundi akatikisa kichwa kukubali. "Ilikuwa inanivuta, hasa nikinyanyua mzigo. Nikaona nitafute cha kuibeba." Akamgeukia Nesi. "Nilitumia kipande kilichobaki kwenye makochi yako. Nisamehe, dada. Nilitaka kitambaa laini."

Mlango nyuma ya Mama Pacha ulikuwa wazi, na benchi zima lilikuwa limeegemea upande mmoja. Mtu mmoja akasema, "Mahameli!" na Seremala, Mungu amsamehe, akacheka mpaka akakisahau kidole chake.

"Funga mlango, mama," alisema Nesi bila kupandisha sauti.

Lakini Fundi alikuwa ameshaelekea mlango huohuo. Daktari alisimama. "Fundi, usiondoke. Hatujamaliza. Jambo hili halisubiri."

"Nimemaliza," alisema Fundi. Akapita mbele ya benchi na kicheko chake.

Mama Pacha alibaki amesimama, mkoba wazi. "Halisubiri nini? Ana nini mume wangu?"

Daktari na Nesi wakatazamana. "Muulize mwenyewe," alisema Nesi. "Habari ni yake. Siwezi kukupa mimi."

Na hilo nalo likamuuma.

*

Nyumbani alimkuta Fundi amekaa ukingoni mwa kitanda, viatu miguuni, anatazama sakafu. Mama Pacha alikuwa amepanga njiani kuomba radhi, lakini alipofungua mdomo lilitoka lile lililokuwa juu kabisa.

"Kwa nini umwambie yeye?"

Fundi aliinua uso. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo.

"Nina uvimbe," alisema. "Kwenye korodani ya kushoto. Mgumu, kama kokwa ya tunda. Ukiubonyeza hauumi, ila upande mzima ni mzito, unavuta mpaka kwenye kinena. Niliugundua nikioga. Nikadhani ni ngiri ya kunyanyua makochi, itarudi yenyewe. Haikurudi. Ukakua."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipotia komeo."

Mama Pacha akakaa chini sakafuni.

"Kwa nini umwambie yeye?" alirudia, safari hii kwa sauti ndogo.

"Sikumwambia. Siku ile nilipoweka kochi la mwisho sebuleni kwake, nilishika ukuta. Akaniuliza, 'Fundi, una nini?' Nikajikuta nimesema." Akavua kiatu kimoja. "Wewe kila siku unaniuliza nilikuwa wapi. Hujaniuliza nina nini."

Hapo hata msimulizi hana la kumtetea Mama Pacha. Kweli alikuwa hajauliza. Kwa miezi alikuwa ameusoma mwili wa mume wake ukurasa kwa ukurasa, na kila ukurasa alisoma jina la mwanamke mwingine.

"Basi turudi," alisema. "Turudi sasa hivi. Nitakwenda na wewe."

"Nirudi wapi? Pale nilipovuliwa nguo mbele ya benchi?"

"Ni mimi niliyekosa."

"Ulikosa wewe, wakacheka wao, nikachekwa mimi. Niache, Mama Pacha."

*

Kabla wiki haijaisha Fundi alikuwa amepata jina jipya. Kwenye uwanja wa mafundi, ilipokuwa karakana yake, waliacha kumwita Fundi, wakamwita Mahameli. "Mahameli, niazime nyundo." "Mahameli, na mimi nishonee, ila yangu tia na vifungo mgongoni." Alicheka nao kwa meno tu, akafanya kazi yake ameinama. Alikuwa hanyanyui tena kochi peke yake. Alilisukuma kwa goti. Nyumbani komeo lilifungwa kama kawaida. Tofauti ilikuwa kwamba sasa Mama Pacha alijua nyuma yake kuna nini, na kujua huko kulimnyima usingizi kuliko wivu ulivyowahi kumnyima.

Alimbembeleza. Alimnunia. Alitaka kumtuma shemeji yake, kaka mkubwa wa Fundi, aje aseme naye, na Fundi akasema, "Ukimwambia na kaka, nahama nyumba hii." Alimkumbusha watoto. Fundi akamjibu kwamba watoto watabaki na baba aliyeitwa jina la heshima, hata kama hayupo. Aliposema hivyo alitazama pembeni, na Mama Pacha akaelewa kwamba hatanii, kwamba mtu huyu alikuwa tayari kufa kwa ajili ya kicheko cha Seremala.

Kijiko alipokuja ususi na maneno yake, "Bado mimi nina wasiwasi na yule nesi," Mama Pacha aliweka kitana chini.

"Kijiko, leo suka ukiwa kimya. Ukishindwa, nenda nyumbani."

Kijiko alisuka akiwa kimya. Jambo hilo halikuwa limewahi kutokea.

*

Mama Pacha alirudi hospitali peke yake. Alikaa kwenye benchi lilelile, na watu wawili walimtambua, wakasogea kidogo, mmoja akaziba mdomo kwa mkono. Alijikaza kisabuni. Nesi alipotoka kuita mgonjwa, Mama Pacha akasimama mbele ya wote.

"Dada," alisema, na neno lile lilimtoka kwa shida, "siku ile nilikuja hapa nikakutukana mbele ya watu. Nimekuja kukuomba radhi mbele ya watu hao hao."

"Hawa ni wengine," alisema Nesi, "lakini nimepokea. Ingia."

Mle ndani Mama Pacha hakujua aweke wapi mikono. Aliona jinsi meza ilivyopangwa, jinsi yule mwanamke alivyomvutia kiti bila majivuno, na alichukia kwamba hakupata cha kumchukia. Wivu ni mkaidi. Hata ukikosa sababu, hubaki umekaa unasubiri nyingine.

"Ameniambia," alisema. "Anakataa kurudi. Niambie atapona au hatapona."

"Ya kwake siwezi kuyasema mpaka apimwe, na akubali. Nakuambia ya mwanamume yeyote." Nesi aliweka kalamu chini. "Uvimbe mgumu ndani ya korodani, hata usipouma, hauachwi. Inawezekana ni kitu kidogo. Inawezekana ni saratani. Hiyo huwapata hata vijana wenye nguvu zao. Ikiwahiwa, wengi sana wanapona kabisa. Ikiachwa, inapanda tumboni, inapanda mapafuni, na hapo tunaanza kuongea lugha nyingine."

"Wakiiwahi wanafanyaje?"

"Mara nyingi wanaitoa ile yenye uvimbe. Wanapasua hapa kwenye kinena, wanaitoa."

Mama Pacha alitazama viatu vyeupe vya Nesi. Alikuwa na swali, na lilikuwa swali la chumbani, na duniani kote mtu pekee aliyeweza kumuuliza alikuwa mwanamke huyu.

"Na... halafu? Atakuwa mwanaume?"

"Moja inafanya kazi ya mbili. Sauti haibadiliki, ndevu hazidondoki, kitandani mambo yanaendelea akishapona kidonda. Mkitaka watoto tena, kwa kawaida moja inatosha. Hakuna atakayejua ila nyinyi wawili."

"Na wewe."

Nesi akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Na mimi. Lakini mimi naona wengi, mama. Nasahau. Alhamisi daktari atakuwepo. Mimi hanisikilizi tena, simu zangu hapokei. Mlete wewe."

*

Uwanja wa mafundi ulikuwa na kelele zake za misumeno na nyundo. Mama Pacha aliingia katikati, akampita Seremala, akaenda moja kwa moja kwenye kochi ambalo Fundi alikuwa hajalimaliza, lina sponji tupu bila kitambaa, akakaa.

"Mahameli, umeletewa mgeni!" aliita mtu, na wengine wakadaka.

"Nyamazeni kidogo," alisema Mama Pacha. "Mnamcheka mtu asiye wa kuchekwa. Mmekosea mtu, na kosa hilo ni baya."

Misumeno ikapungua. Fundi alimtazama kwa macho ya kumwomba aondoke.

"Mimi ndiye wa kuchekwa," alisema. "Niliacha kazi yangu, nikajibanza nyuma ya nguzo kama mwizi wa kuku, nikavunja mlango kumfumania mume wangu. Na mnajua nilimfumania na nani? Na mzee mwenye upara, amevaa glavu. Hata kama ni wivu, mimi nimekosa macho! Seremala, wewe ulikuwepo. Yule daktari anafaa kuniibia mume?"

Mtu mmoja akacheka, kisha wawili, na kicheko hiki kilikuwa na uso mwingine. Seremala alikuwa wa kwanza kupiga paja lake. Hata Fundi, aliyekuwa ameshika nyundo kama atakayejitetea nayo, mdomo ulimcheza upande mmoja.

"Basi mniite mimi Mama Mahameli, nimekubali," alisema. "Ila mume wangu ni mgonjwa. Anaumwa pale ambapo kila mmoja wenu anapo, na anaona aibu kwenda kutibiwa kwa sababu yenu. Sitoki kwenye kochi hili mpaka aniambie Alhamisi tunakwenda wote. Na kama mteja atalitaka, atalichukua pamoja na mimi."

Hakuna aliyecheka safari hii. Seremala alitazama kidole chake kilichofungwa, akakwaruza shingo. Kisha akaja mpaka kwenye kochi, akaanza kumsemesha Fundi kwa sauti ya chini, na Mama Pacha aliyekuwa karibu alisikia maneno machache tu: "Nilidhani ni mgongo, ndugu yangu. Si ulisema mgongo?"

Fundi aliweka nyundo chini.

"Inuka," alimwambia mkewe. "Unaniharibia sponji." Alipoona hajainuka, akaongeza, "Tutakwenda. Inuka."

*

Picha zilipigwa, damu ikachukuliwa, na daktari mwenye upara hakuzunguka sana: ile ya kushoto itolewe. Siku ya upasuaji Nesi ndiye aliyekisukuma kitanda kuelekea ndani. Pale kwenye milango miwili yenye vioo Mama Pacha alisimamishwa. Aliona mkono wa mume wake umeshika ukingo wa kitanda, na mkono wa Nesi ukiwa karibu nao, na wote wawili wakapita pale asipoweza kupita. Ule wivu wa zamani ulimgusa begani, akaujua, na kwa mara ya kwanza hakugeuka. "Mshike," alisema moyoni. "Mshike vizuri mpaka nitakapompokea."

Jibu lilipokuja lilikuwa saratani. Alilisikia akiwa amekaa karibu na mume wake, vidole vimeshikana, na neno lile lilikuwa baya kama alivyoliogopa. Lakini lilikuwa na mkia: ilikuwa haijatoka nje ya kile kilichotolewa. Fundi angerudi kupimwa damu na kupigwa picha, tena na tena kwa miaka, na ile iliyobaki angeichunguza mwenyewe kila mwezi, wakati wa kuoga maji ya moto, ngozi ikiwa imelegea.

"Na mpaka kidonda kipone avae kitu cha kumshikilia vizuri," alisema Nesi. "Tunavyo vya hapa, ila vinakwaruza kidogo."

"Anacho chake," alisema Mama Pacha. Akafungua mkoba, akakitoa kijimfuko cha kijani, kimefuliwa, kimenyooka. Nesi alikichunguza kama siku ile, akavuta lastiki, akakubali kwa kichwa.

"Fundi, ukipona utanishonea viwili vya mfano. Kuna wagonjwa wangevishukuru."

Mama Pacha aliona mume wake anavyofurahi kusifiwa na mwanamke yule. Kidogo kikamchoma. Akakiacha kichome.

*

Kijiko ndiye aliyekiona kwanza. Alikuwa anapita uani kwenda kumwaga maji ya nywele akakikuta kile kijimfuko kwenye kamba ya nguo, kati ya sare za mapacha na shati la Fundi, kinakauka juani mbele ya majirani wote.

"Shoga! Utaanika na hiki?"

"Nguo ya mume wangu," alisema Mama Pacha, akibana kibanio cha pili. "Nianike wapi, kwako?"

Fundi alikuwa bafuni. Kidonda kilikuwa kimefunga, na kwa mara ya kwanza tangu siku nyingi alikuwa akiimba, vibaya kama zamani. Wimbo ukakatika. Mama Pacha akasimama na kibanio mkononi.

"Mama Pacha!"

"Abee!"

"Njoo kidogo. Nataka nawe uijue ilivyo. Ikibadilika tuwe wawili."

Alimwachia Kijiko ndoo na vibanio, akajifuta mikono kwenye gauni, akaenda. Mlango ulikuwa wazi, mvuke unatoka. Aliingia, akaurudisha nyuma yake, akalisukuma lile komeo.